Foleni si soko: ushauri kwa mwenye wazo la biashara Tunduma

Kaa na vijana wa Tunduma kwenye kijiwe chochote cha bodaboda, uulize nani ana wazo la biashara. Wote wanalo, na mengi ya mawazo hayo yanahusu malori. Mmoja anataka programu ya simu ya kumwagizia dereva chakula palepale alipoegesha. Mwingine ana mpango wa maegesho yenye bafu, mlinzi na sehemu ya kuchaji simu. Wa tatu anafikiria namna ya kumtafutia mwenye lori mzigo wa kurudi nao Dar es Salaam ili gari lisiteremke tupu. Huwezi kuwalaumu. Barabara ya kutoka bandarini inapita mlangoni kwao ikielekea Zambia na Kongo, na foleni ikikolea hutoka getini mpakani, hupita Chapwa na kufika Mpemba, siku mbaya ikazidi hapo. Anayeamka kila asubuhi akawaona madereva na matingo wao wamekaa kivulini chini ya matrela, posho mfukoni na hawana pa kwenda, atakosaje wazo?

Mimi nina wasiwasi na mawazo hayo, na wasiwasi wangu ni huu: wengi wanaichukulia foleni kuwa soko. Foleni ni tatizo la watu wengine, na watu hao wana fedha na mamlaka, na wanahangaika kuliondoa. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na mwenzake wa Zambia, Edgar Lungu, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Foleni haikuisha, lakini kazi haikuishia hapo. Barabara kuu ya kutoka Igawa mpaka Tunduma imo kwenye mpango wa kupanuliwa kuwa njia nne. Septemba 2024, huko Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Hakainde Hichilema walishuhudia utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua TAZARA, reli ya kilomita 1,860 ambayo nayo inavukia hapahapa Tunduma. Shaba ikirudi kwenye mabehewa, utahesabu upya malori.

Basi kabla hujachapisha fulana zenye nembo, jiulize: siku foleni ikikatika, nani bado ana sababu ya kunilipa?

Wapitishe wale vijana watatu kwenye swali hilo uone wanavyotofautiana. Mwenye maegesho ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu anauza mahali pa kusubiri, na kusubiri ndiko kunakopigwa vita. Akikopa kununua eneo Mpemba kwa hesabu ya malori ya leo, anaweza kubaki na bafu kumi zisizo na mwogaji. Mwenye chakula atabaki na mteja, maana dereva atakula tu, ila mteja huyo atakuwa na nusu saa badala ya siku mbili, na atataka chakula kilichokwisha kuwa tayari karibu na kituo cha mafuta. Ni biashara nyingine kabisa ingawa sufuria ni zilezile. Wa mzigo wa kurudi, ambaye wenzake humcheka kwa kuwa wazo lake halionekani kwa macho, ndiye anayenufaika foleni ikipungua: lori likizunguka haraka litakuwa na safari nyingi zaidi za kurudi, na kila safari tupu ni mafuta yaliyoungua bure.

Kuna upande wa pili wa swali hilo. Mei 2020, wakati wa corona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa. Tunduma nzima ilionja ladha ya kuishi bila mpaka. Waliokuwa wanamuuzia dereva peke yake walikaa. Waliokuwa na wateja wa Sogea, Majengo na Vwawa waliendelea kupata cha kupeleka nyumbani. Ushauri wangu kwa yeyote anayefungua biashara ya mpakani ni atafute mteja wa pili, wa upande huu, asiyehitaji geti lifunguliwe ndipo anunue. Hata kama mwanzoni huyo analeta robo tu ya mauzo.

Sasa tuje kwenye kulijaribu wazo lenyewe. Nitachukua lile la chakula kwa sababu ni rahisi kulipigia hesabu, na kwa sababu nimesikia likielezwa na watu waliokwisha kumtafuta fundi wa programu kabla ya kumtafuta mpishi.

Usitengeneze programu. Chukua simu yako ya kawaida, daftari, na mama lishe mmoja unayeamini usafi wake. Chagua kipande kifupi cha foleni, tuseme kutoka Chapwa kurudi nyuma kilomita moja. Pita asubuhi, salimia, sema: mchana nitaleta ugali samaki na mboga, shilingi 3,000, nani anahitaji? Andika namba ya gari, kwa sababu rangi za matrela zinafanana na foleni ikisogea utapotea. Peleka. Rudi na pesa. Fanya hivyo siku kadhaa mfululizo, Jumapili ikiwemo.

Hesabu yenyewe (tarakimu ni za mfano, weka za kwako) inaweza kwenda hivi. Sahani unainunua kwa mama lishe 2,000, kifungashio 200. Bodaboda anataka 2,000 kwa safari ya kwenda mpaka kwenye gari la dereva. Ukipeleka sahani moja kwa kila safari, umetoa 4,200 ili upate 3,000. Umemlipa dereva 1,200 ili ale chakula chako. Ukipeleka sahani kumi kwa safari moja, usafiri unakuwa 200 kwa sahani, na unabaki na 600 kwa kila moja. Sahani arobaini kwa siku ni 24,000, kabla hujatoa vocha, sahani zilizorudishwa na yule aliyesema atalipa kwa simu halafu lori likasogea.

Ona kilichojitokeza. Faida yote inatoka kwenye kukusanya oda kumi za mahali pamoja na saa moja. Programu inayomruhusu kila dereva aagize anapotaka, saa anayotaka, ndiyo itakayokufilisi haraka zaidi, na hilo usingeliona kwenye andiko la mradi hata likiwa na rangi nzuri namna gani. Huenda ukagundua pia kwamba kundi fulani la madereva hupika wenyewe kwenye jiko dogo kando ya gari na hawatakununulia kamwe, na kwamba vijana wa magari ya IT, wanaoendesha magari madogo kuyavusha mpaka, hawana jiko wala nafasi na ndio wateja wako wa kweli. Hayo unayajua ukiwa na vumbi miguuni.

Na katika kuuliza watu, jihadhari na adabu yetu. Ukimweleza Mtanzania wazo lako atakwambia ni zuri sana, Mungu akubariki kijana. Hajadanganya, amekutakia heri. Lakini heri si oda. Badala ya kumuuliza "ungenunua?", muulize jana alikula wapi, alilipa kiasi gani, alichelewa kupata, nani alimletea. Muulize mara ya mwisho gari lake lilirudi tupu lini na bosi alisemaje. Jibu la jambo lililokwisha kutokea lina uzito kuliko ahadi ya jambo lisilokuwapo. Kisha mwombe kianzio. Anayetoa 1,000 leo kwa chakula cha kesho amekupa taarifa ambayo marafiki hamsini wa mtandaoni hawawezi kukupa. Na anayerudi mara ya pili bila kubembelezwa, huyo andika jina lake kwa wino.

Usione aibu wateja wakiligeuza wazo lako. M-Pesa, kabla haijawa M-Pesa tunayoijua, ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kama njia ya wakopaji wa taasisi ndogo ya fedha ya Faulu kurejesha mikopo yao kwa simu. Katika majaribio watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao, jambo ambalo wenye mradi hawakuwa wamelilenga. Walipoizindua rasmi Machi 2007 hawakuuza tena urejeshaji wa mikopo. Waliuza kutuma pesa nyumbani. Tanzania ilifika 2008, na leo kibanda cha wakala kiko kila kona ya Tunduma. Karibu zaidi na sisi ni Nala ya Mtanzania Benjamin Fernandes. Ilianza kwa kumrahisishia mtumiaji wa Tanzania miamala ya mitandao mbalimbali kwenye programu moja, hata bila intaneti. Baadaye ikageukia wanaoishi ughaibuni wanaotuma pesa Afrika Mashariki, na Julai 2024 ikatangaza kupata mtaji wa dola milioni 40. Wazo la kwanza halikuwa la kijinga. Lilimfikisha mahali pa kuona la pili.

Lakini nisiwape picha kwamba kila biashara ya Songwe lazima ianzie barabarani. Mkoa huu uliozaliwa 2016 kutoka Mbeya una watu zaidi ya milioni 1.3 kwa sensa ya 2022, na wengi wao hawamjui dereva yeyote wa Lubumbashi. Wanalima. Mbozi ni kahawa na mahindi, Momba kuna mpunga, upande wa Mkwajuni kuna dhahabu ya wachimbaji wadogo. Mimi nadhani mawazo mazuri zaidi yako huko, kwa sababu hayana washindani wenye simu kali.

Fikiria hili. Mahindi ya kuuza kwa mnunuzi mkubwa, kama Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Mkulima wa kijijini hupima kwa kuuma punje kwa jino, ambako wazee wana ujuzi nako kweli, lakini jino halitoi tarakimu. Anakodi Fuso, anapakia, anafika kituoni, kipimo kinasema 15, anaambiwa akaanike. Nauli imekwenda, na pale kituoni amesimama dalali anayemnunulia kwa bei ya majonzi. Sasa kijana mwenye kipimo kimoja cha unyevu na pikipiki, anayezunguka vijiji vinavyouzia Mlowo wakati wa mavuno, akitoza kidogo kwa kila gunia kabla Fuso halijaitwa, ana biashara. Ni ndogo, haivutii kwenye mashindano ya ubunifu, lakini mteja anajua hasara anayoepushwa kwa shilingi. Kutoka hapo inaweza kukua: maturubai ya kuanikia ya kukodisha, mifuko ya kinga njaa, kukusanya magunia ya wakulima kumi yajaze gari moja. Na utakapokuwa na daftari la msimu mzima linaloonyesha nani ana mahindi makavu kiasi gani na yako kijiji gani, wanunuzi watakutafuta wewe.

Huko mashambani nako kuna foleni za aina yake. Mwaka 2024 ukame uliikumba Zambia vibaya, na serikali zetu zikakubaliana Tanzania iiuzie tani 650,000 za mahindi. Ukiona bei ikipandishwa na uhitaji namna hiyo unashawishika kuuza ng'ombe ujenge ghala. Ila mvua ya jirani ikirudi, bei inarudi ilikotoka. Kuna sera pia: Juni 2017 serikali ilizuia mahindi kuvuka mpaka na kutaka yauzwe nje yakiwa unga. Mwenye gunia alilia, mwenye mashine ya kusaga alicheka. Kwa hiyo anayeweka fedha kwenye mahindi ya mpakani ahesabu bei ya mwaka wa kawaida, na ajue atafanya nini geti likifungwa kwa punje. Kusaga ni jibu mojawapo, ingawa umeme na pumba vitakufundisha mengine.

Kahawa ina mtego wake. Mbozi wanailima, taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ina kituo chake Mbimba, lakini nyumba nyingi za Mbozi asubuhi hunywa chai. Ukitaka kukaanga na kufunga kahawa ya Mbozi, usihesabu majirani. Hesabu hoteli za Mbeya, abiria wa mabasi, na duka la Dar lenye mteja anayesoma lebo. Wageni wanaokuja kutazama kimondo cha Mbozi ni ziada tu. Usiwaweke kwenye hesabu ya kulipa kodi ya chumba. Na kumbuka fedha za Mbozi zina msimu. Anayeuza bidhaa isiyo chakula mwezi Machi, wakati kahawa iko mtini na ada zimekwisha kulipwa, asije akasema wazo limekufa. Amelijaribu wakati mbaya.

Mambo ya sheria nitayapitia haraka, ila mawili yanawahusu watu wa mpakani kuliko wengine. Kwanza, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kupokea malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Kwacha imezoeleka Tunduma kiasi kwamba muuzaji hataji hata sarafu, anataja namba tu. Wewe weka bei kwa shilingi na uandike mauzo kwa shilingi. Utakuwa salama kisheria, na hutajidanganya kwamba umepata faida kumbe kwacha imepanda siku ile na kesho itateremka. Pili, Julai 2025 ilitoka amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, usafirishaji wa vifurushi na uwakala wa forodha. Ndugu zetu wa Nakonde ni wengi, wengine ni shemeji kabisa, na kushirikiana nao ni jambo la kawaida. Kabla hujaandikisha jina la shemeji kama mbia, soma orodha ile au mwone ofisa biashara wa halmashauri.

Mengine ni ya kawaida. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao, TIN ya TRA haina malipo, leseni iko halmashauri. Ukitengeneza chakula au kinywaji, anza na SIDO kabla ya TBS, kwa sababu SIDO humwelekeza mjasiriamali mdogo na kumtambulisha. Ukihifadhi namba za simu na majina ya wateja kwenye mfumo, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayokuhusu hata kama ofisi yako ni meza chini ya mwavuli. Je, usajili ufanyike kabla ya majaribio? Maoni yangu: jaribu kwanza kwa udogo, kwa mambo yasiyohitaji kibali maalumu, lakini chakula usicheze nacho. Mpishi wako awe amepimwa afya tangu sahani ya kwanza.

Fedha sasa. Adui mkubwa wa wazo changa mpakani ni mkopo wa haraka, ule ambao watu wameupa jina la kausha damu. Unapatikana kwa dakika chache, unarejeshwa kila siku au kila wiki, na biashara isiyojua bado mteja wake ni nani haiwezi kuhimili marejesho ya kila wiki. Kosa la wengi ni kukopa ili kujua kama wazo linafanya kazi. Kujua ndiko kunakotakiwa kuwa rahisi: lile daftari na sahani kumi. Ukishajua kwamba sahani ya arobaini inauzika na unachokosa ni sufuria kubwa na pikipiki yako mwenyewe, hapo mkopo una kazi.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Kwa vijana inataka kikundi, na hapo ndipo ninapoona vijana wakikosea: wanakusanya majina ili idadi itimie. Umekopa na watu watano ambao wawili wako Lusaka na mmoja ni mpwa wako aliye kidato cha nne. Marejesho yakifika mtamtafuta nani? Undeni kikundi cha watu ambao tayari wanauza kitu, hata kama kila mmoja anauza chake. Vikoba vya mtaani vimedumu kwa sababu wanachama wanajua kila mmoja anaamka saa ngapi na anakwenda wapi.

Kama mko wawili au watatu kwenye wazo moja, andikeni karatasi mapema, kabla hela haijaingia. Nani ameweka nini, nani anafanya kazi kila siku na nani Jumamosi tu, mmoja akipata ajira TRA au akihamia Mbeya hisa zake zinakuwaje. Ipelekeni kwa mwanasheria au hata kwa mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Rafiki atakayenuna kwa kuombwa kuandika angenuna zaidi siku ya kugawana.

Pesa ya biashara ikae kwenye laini yake, si ile unayotumiwa na mama hela ya dawa. Jilipe mshahara, hata wa 5,000 kwa siku, uandike kama gharama. Biashara nyingi za Tunduma zinaonekana zina faida kwa sababu mwenyewe hajalipwa, mdogo wake anasaidia bure na chumba ni cha shangazi. Ziondoe zawadi hizo kwenye hesabu uone kinachobaki. Kikibaki kitu, hata kidogo, una biashara inayoweza kuhamishwa kutoka Chapwa hadi Mlowo ikaajiri mtu usiyemjua. Kama hakibaki, panga mapema tarehe ya kuacha na kiasi cha fedha ambacho hutapitisha, umwambie mke, mume au mzazi wako tarehe hiyo, na ikifika keti naye mfungue daftari.